Mahame ya Mwata na Usiku Mmoja wa Mchangani

Likizo ya askari ina desturi ya kufika ghafla na kwisha mapema. Mume huingia nyumbani na karatasi yenye mhuri, siku zimekwisha kuhesabiwa, na mke huketi kitako akipiga hesabu zake: wakwe wataonwa siku ngapi, bati la jikoni litazibwa lini, na watoto nao watapelekwa wapi hata wakirudi shuleni wawe na la kusimulia. Aghalabu jibu la swali hilo la mwisho ni "mwakani". Nyumbani kwetu neno hilo lilitumika kwa muda wa miaka sita.

Watu wenye nafasi duniani wana safari moja fupi waipendayo, nayo ni ile inayounganisha magofu ya kale na usiku mmoja wa jangwani. Nchini Jordani huenda kuuona Petra, mji uliochongwa katika majabali, kisha hulala katika mahema huko Wadi Rum. Jamaa zetu walioko Oman huwapeleka wageni kuyatazama makaburi ya mawe ya Bat, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, kisha wakaenda kulala katika mchanga wa Wahiba. Binti yetu alizisoma habari hizo kitabuni akauliza kwa nini sisi tusiende. Baba yake alimjibu, pasipo kuinua macho, kwamba mshahara wa sajini haufiki Jordani.

Hata hivyo neno la mtoto halikupotea. Wifi yangu ameolewa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, na kwa miaka mingi alikuwa akitulaumu kwamba hatumjui mumewe ila kwa picha. Likizo ilipopatikana nilisema: mambo ya kale na mchanga tutavitafuta huko huko.

Nitangulie kukiri kwamba Nchelenge hakuna jangwa, wala hakuna gofu la mawe lenye matao kama yale ya Kilwa Kisiwani. Mwenye kuvitaka hivyo asijisumbue. Lakini kuna mambo mawili ambayo familia ya askari inaweza kuyaona kwa siku tatu na kwa fedha za kadiri: mahame ya miji mikuu ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, na ufuko wa mchanga ambapo jua huzama majini na usiku huwaka taa za wavuvi.

Jambo la kwanza la kupanga ni majira. Mvua za huko huanza karibu na Novemba zikaendelea hadi Aprili, na wakati huo kulala nje ni kujitakia maradhi. Mei hadi Agosti ni miezi mizuri, ingawa alfajiri za Juni na Julai zina baridi inayowashangaza watu wa pwani. Mwishoni mwa Julai hufanyika Mutomboko, ngoma kuu ya Mwata, huko Mwansabombwe. Ni jambo la kuonwa, lakini vyumba hujaa na nauli hupanda, hivyo aliye na watoto wadogo achague ama ngoma ama utulivu. Kadhalika mtu atazame mwezi. Sisi tulifika katika siku za giza, na baadaye nitaeleza kwa nini ilikuwa bahati. Tena uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Anayekwenda miezi hiyo asitarajie kitoweo kibichi.

Kwa askari na polisi nina neno la pembeni. Kibali cha kuvuka mpaka kiombwe mapema kwa maandishi, wala si kwa kumdokeza mkuu wa kazi siku mbili kabla ya safari. Sare ibaki kabatini. Nchini Zambia raia haruhusiwi kuvaa nguo zenye madoadoa ya kijeshi, na jambo hilo halichukuliwi kuwa mzaha. Mwanangu mdogo alikuwa na kofia ya namna hiyo aliyonunuliwa mnadani, nami niliitoa katika mfuko wake tulipokuwa bado Tunduma. Alilia mpaka tukavuka.

Njia ni ndefu kuliko inavyoonekana katika ramani. Reli ya TAZARA hupita Kasama, lakini yafaa kuulizia stesheni kwanza kama treni ya abiria inakwenda. Wengine hushika basi kutoka Nakonde. Tukiwa Kasama tulitumia nusu siku kwenda kwenye majabali ya Mwela, yaliyo nje kidogo ya mji, yenye mamia ya michoro ya kale ya rangi nyekundu. Wenyeji huihusisha na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya Wabemba. Kutoka Kasama barabara hupita Luwingu hadi Mansa, kisha hugeuka kaskazini ikifuata bonde la Mto Luapula. Wekeni siku mbili kamili za njia, na siku tatu za safari yenyewe zihesabiwe kuanzia Mwansabombwe.

Mwansabombwe ndipo alipo Mwata Kazembe hata leo. Wahenga wake walitoka magharibi, katika milki ya Mwata Yamvo, wakalitawala bonde la Luapula katika karne ya 18, na mji wao mkuu ukawa kituo cha njia iliyoelekea bahari zote mbili. Mwaka 1798 Mreno Francisco de Lacerda alifika kutoka Tete akitaka kuvuka bara zima, akafia hapo mwezi wa Oktoba. Baada yake walikuja Waafrika wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, ambao walikaa kwa Kazembe miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kupita, wakafika Tete mwaka 1811. Hao walikwenda walikokusudia na wakarudi, lakini vitabu vya shule vimejaa majina ya wengine. Mwaka 1831 alifika Gamitto, Mreno mwingine, akauandika mji huo kuwa una mitaa mipana iliyonyooka. Livingstone naye aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na kabla mwezi haujaisha alikuwa mbele ya Mwata, baada ya kupita lango lililopambwa kwa mafuvu ya watu. Hapo alimkuta Mwarabu aitwaye Mohamad bin Saleh, aliyezuiwa kuondoka kwa miaka mingi.

Basi mji huo mkubwa uko wapi? Hilo ndilo alilouliza binti yangu, na ndilo atakalouliza kila mgeni.

Tulikuwa tumefuata taratibu. Shemeji alitutangulia kwa wasaidizi wa Mwata kuomba ruhusa, nasi tukaenda na zawadi ndogo, tukapiga magoti na kupiga makofi kama tulivyofundishwa. Pasipo ruhusa hiyo mtu asiende kutangatanga, hasa penye makaburi ya Mwata waliotangulia, kwa kuwa yana walinzi wake na miiko yake. Tulipewa mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, mwenye fimbo na koti zito, naye akatupeleka kwa miguu hadi mahali penye mihogo, mwembe mkongwe na nyasi.

Mtoto akatazama kushoto na kulia. "Gofu lenyewe liko wapi?"

Shemeji akatafsiri kwa Kibemba. Mzee akacheka, akagonga fimbo chini. "Mwambieni amesimama juu yake."

Kisha akaanza kutuonyesha. Hapa pamebonyea, ni mtaro wa boma. Pale ardhi imeinuka na kuwa nyeusi, ndiko yalikokuwa majiko. Akainama akaokota kigae chenye michoro ya mistari, akampa mtoto akishike, kisha akamtaka akirudishe palepale alipokiokota yeye. Alitueleza kwamba desturi ya zamani ilikuwa kila Mwata aliyetawazwa kuujenga mji wake upya, na kwamba mji wa miti, udongo na nyasi ukiachwa, mchwa hawachukui muda kuumaliza. Kinachosalia ni hicho kidogo cha ardhini, na majina katika vichwa vya wazee. Alitutajia Mwata mmoja mmoja na mahali alipojenga, kama mtu anayehesabu nyumba za mtaa wake.

Sisi watu wa pwani tumezoea chokaa na matumbawe. Kilwa Kisiwani mtu huona kuta za msikiti na jumba la Husuni Kubwa hata asipokuwa na mwongozaji, na kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba pasipo na ukuta hapakuwa na mji. Nilikuwa mmoja wao. Mahame, kama babu zetu walivyopaita mahali palipohamwa, hayasemi neno mpaka uwe na mtu wa kuyasemea. Kwa hiyo katika bajeti ya safari hii fungu la mzee mwongozaji lisipunguzwe hata senti, na muda wake usiharakishwe. Tulikuwa tumetenga saa moja. Tulikaa nusu siku.

Mji haukuhamishwa kila mara kwa hiari. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza chini ya Alfred Sharpe yaliuchoma moto mji wa Mwata aliyekataa kuwa chini yao, naye akakimbilia ng'ambo ya Luapula kabla ya kurejea. Mume wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, aliuliza maswali mengi juu ya habari hiyo: majeshi yalitokea upande gani, mto ulivukwa wapi. Mzee alimjibu akichora ardhini kwa fimbo. Wanaume wawili hao walielewana vizuri, ingawa kila mmoja alihitaji mkalimani.

Mwenye hamu ya kugusa ukuta asivunjike moyo, kwa maana Mbereshi haiko mbali. Misheni hiyo ilianzishwa na Waprotestanti wa London mwaka 1900, na kanisa lake la matofali lingali limesimama. Ndipo Mabel Shaw alipofungua shule ya bweni ya wasichana mwaka 1915. Tulipita hapo kwa muda mfupi, tukala viazi tulivyobeba, tukaendelea. Kutoka Mwansabombwe hadi Nchelenge ni kiasi cha kilometa 50 au zaidi kidogo.

Ziwa hujitokeza kwa ghafla. Lina urefu wa kilometa zipatazo 131, nalo liko mita 917 juu ya usawa wa bahari. Ufuko wa Nchelenge na Kashikishi hutazama magharibi, na hewa ikiwa safi vilima vya Kongo huonekana ng'ambo kama wingu lililokaa. Tulifika saa tisa alasiri, na hapo ndipo nusura safari yetu iharibike.

Ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa. Ndiyo, jina lile lile, na ng'ambo upande wa Kongo kuna mji wenye jina hilo pia. Mume wangu ni mzaliwa wa Kilwa Masoko. Tangu tukiwa Kasama alikuwa amekwisha kuazimia kwamba hatarudi bila kukikanyaga kisiwa hicho, na usiku wetu wa mchangani tutaulala huko. Alipata chombo mara moja, mashua yenye mashine, imekwisha kupakiwa magunia na abiria hadi ukingo wake ukawa unakaribia maji. Koti la kuelea halikuwapo hata moja. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukivuma, kama uvumavyo miezi ya kiangazi.

"Mama watoto, ingieni," alisema. "Nimevuka mito mibaya kuliko hili."

"Ulivuka ukiwa na wenzako wanaojua kuogelea," nilimjibu. "Hawa wana miaka kumi na mitano baina yao wote wawili."

Tukasimama hapo, mtu na mkewe, mbele ya watu. Aliyetuokoa na fedheha ni mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu karibu yetu. Alisema kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho husikika sana Nchelenge, hasa tangu wakimbizi walipopokelewa katika makazi ya Mantapala mwaka 2018. "Afande," alisema, nasi hatukuwa tumemwambia kazi ya mtu, "hili ziwa upande wa kusini maji yake ni mafupi. Upepo ukilipiga, wimbi linasimama wima, halilali. Wenyewe tunavuka asubuhi mapema, au hatuvuki."

Mume wangu aliyatazama maji kitambo, kisha akarudi akapakua mizigo yetu yeye mwenyewe, bila kunena neno. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa cheo chake. Mashua ile iliondoka, na kwa rehema za Mungu ilifika salama. Tulipata habari zake kesho yake. Lakini nawaambia akina mama wenzangu: jambo la kuvuka liamuliwe nyumbani, kabla ya kuliona ziwa. Kama makoti ya kuelea hayapo na asubuhi imepita, hakuna kuvuka, na hilo lisiwe neno la kujadiliwa ufukoni.

Usiku tuliulala Kashikishi, katika uwanja wa nyumba moja ya wageni ulioteremka hadi mchangani. Tulilipia kiasi kidogo, tukapata mlinzi na choo. Msilale penye matete, kwa sababu viboko na mamba wapo, na watoto wasichezee maji yaliyotuama penye konokono kwa ajili ya kichocho. Mbu ndio adui mkubwa zaidi. Wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kuliko nyingine zote, nayo haina msimu wa kupumzika. Tulitundika vyandarua viwili vyenye dawa juu ya nguzo nne za mianzi, na dawa za kinga tulikuwa tumeshauriwa na daktari kabla ya kuondoka. Mizigo mingine ilikuwa mikeka, mablanketi, sufuria moja, tochi na dumu la maji yaliyochemshwa. Masweta nilikuwa nimeyabeba huku nikichekwa, na saa kumi alfajiri hakuna aliyecheka.

Giza lilipotanda, taa moja ikawaka majini. Kisha kumi, kisha zikawa nyingi mno hata mtu angedhani kuna mji uliohamia ziwani. Hao ni wavuvi wa chisense, samaki mdogo mfano wa dagaa, ambaye huvutwa kwa mwanga. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawaifuati taa, na ndiyo sababu nikasema siku za giza zilikuwa bahati yetu.

Tukakaa kandokando ya moto. Wifi alikuwa amepika bwali kwa samaki aitwaye pale, jamii ya perege, na maneno yakarudi kwenye kisiwa. Shemeji alitusimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mfanyabiashara kutoka mashariki, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliyekuwa na makao yake Kilwa hiyo na kufanya biashara ya watumwa. Misafara ya pwani ilizunguka nchi hizi zote. Tippu Tip mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, ameeleza jinsi alivyompiga Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa hili, katika mwaka ule ule wa 1867 na kuchukua pembe zake za ndovu.

Binti yangu akauliza, "Walikuwa wanasema Kiswahili kama sisi?"

Nilimtazama baba yake. Niliogopa angelikwepa swali, kwa maana tangu asubuhi alikuwa akijivunia jina la Kilwa kama mtu aliyekuta shamba la babu yake ugenini.

"Ndiyo," alisema. "Walisema Kiswahili. Na waliofungwa minyororo wakapelekwa pwani, nao walikuja kusema Kiswahili, na watoto wao pia. Huenda sisi tumetoka kwa hawa, huenda tumetoka kwa wale, na huenda kwa wote wawili."

Mtoto akawaza. "Basi mzee wa leo angetukataza kuingia."

"Lakini hakutukataza," alisema wifi, akamwongeza samaki.

Taa za majini ziliendelea kuwaka mpaka nilipopitiwa na usingizi. Mume wangu alikuwa bado ameketi nje ya chandarua, amejifunika blanketi, ameelekea upande wa kisiwa ambacho hakionekani kwa usiku.

Siku ya tatu ni ya soko. Alfajiri wavuvi hurejea, na chisense humwagwa juu ya mchanga ikaanikwa, ufuko wote ukang'aa kama umetandazwa fedha. Kina mama wa huko huuza kwa kipimo cha bakuli au ndoo. Salamu yao ni "mwapoleni", shukrani ni "natotela", na maneno hayo mawili yalitupunguzia bei kuliko ubishi wowote. Chagueni iliyokauka mpaka inavunjika mkononi, mchekeche mchanga kabla ya kufunga, na muifunge katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana harufu yake huleta ugomvi ndani ya basi. Sisi tulinunua ndoo mbili tukidhani zitatosha kuwagawia majirani kambini. Moja iliishia njiani, kwa kutafunwa kavu kama karanga, na watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuifungua, kabla hata hatujafika Mansa.